Moshi katika picha za fataki: unapunguzwaje wakati wa kuhariri?

Swali: Nilipiga picha za fataki usiku, kamera ikiwa juu ya tripodi, na nilihifadhi faili ghafi (RAW) pamoja na JPEG. Picha za mwanzo ni safi, lakini kuanzia katikati ya onyesho moshi wa kijivu na wa rangi ya machungwa umetanda nyuma ya milipuko. Nimekisukuma kitelezi cha Dehaze, kile cha kuondoa ukungu, hadi mwisho. Moshi ulipungua kidogo, ila anga limekuwa na mabaka, chengachenga (nukta-nukta za kelele ya picha) zimejaa, na michirizi ya fataki imezungukwa na kivuli cheusi. Nifanye nini ili moshi upungue bila picha kuharibika?

Jibu: Ndugu muulizaji, kabla ya kugusa kitelezi kingine chochote naomba tuelewane kuhusu jambo moja, kwa sababu makosa mengi ya kuhariri picha za namna hii huanzia hapo. Moshi unaouona katika picha yako hauwezi kufutwa kama vumbi kwenye kioo. Wenyewe hauna mwanga. Kinachoonekana ni mwanga wa fataki, pamoja na wa taa za chini, uliogonga chembe zake ukatawanyika kuelekea kwenye lenzi yako. Kwa hiyo kazi iliyo mbele yako ni ya kupunguza mwanga usioutaka huku ukiuacha ule unaoutaka, na swali lote linakuwa hili: programu itautambuaje mwanga wa moshi ikautenga na mwanga wa michirizi, wakati yote miwili imerekodiwa katika pikseli zilezile?

Moshi wenyewe haukwepeki. Baruti nyeusi, ambayo ndiyo huirusha fataki angani na mara nyingi ndiyo huipasua, ni mchanganyiko wa takriban sehemu 75 za potasiamu naitreti, 15 za makaa na 10 za salfa, na inapoungua zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, bali hubaki kuwa chembe ngumu ndogo sana zinazoelea hewani. Chembe hizo huchukua rangi ya chochote kinachozimulika. Likipasuka ua, yaani mlipuko wa fataki, jekundu linalotokana na strontiamu, moshi ulio nyuma yake huwa mwekundu; likifuata la kijani linalotokana na bariamu, moshi uleule hugeuka kijani kabla shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia) haijafungwa; na sehemu ya chini, iliyo karibu na taa za barabarani, hubaki na rangi ya machungwa muda wote. Ndiyo maana ushauri unaotolewa sana, wa kuichagua rangi ya moshi na kuipunguzia nguvu, hufaulu katika picha moja na kuharibu inayofuata: rangi ya moshi mara nyingi ndiyo rangi ya fataki yenyewe.

Iko tofauti moja ambayo haitegemei rangi, na hiyo ndiyo ya kuitegemea. Mchirizi ni mwembamba na kingo zake ni kali. Moshi ni mpana na hubadilika polepole kutoka eneo moja la picha hadi jingine. Pikseli 10 zinatosha kukutoa gizani, kukupitisha katikati ya mchirizi na kukurudisha gizani, ilhali katika moshi unaweza kutembea pikseli 200 usione badiliko la maana. Njia nitakayoieleza kwa urefu zaidi hapa chini imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Kwanza nikueleze kwa nini Dehaze ilikuangusha. Kitelezi hicho, ambacho Adobe ilikiingiza katika programu yake ya Lightroom mwaka 2015, na vingine vinavyofanana nacho katika programu za darktable na RawTherapee, vilitengenezwa kwa ajili ya utusitusi wa mchana. Mwaka 2009 watafiti Kaiming He, Jian Sun na Xiaoou Tang walionyesha njia mashuhuri ya kuuondoa utusitusi huo, na mawazo yaliyo chini yake yanafundisha mengi: kwamba mwanga unaoutia weupe ukungu ni mmoja kwa picha nzima, yaani mwanga wa anga, kwamba ukungu huongezeka kadiri kitu kinavyokuwa mbali, na kwamba katika picha isiyo na ukungu, karibu kila eneo dogo lisilo anga huwa na pikseli zenye giza katika rangi mojawapo kati ya nyekundu, kijani na buluu. Sasa linganisha na picha yako. Moshi wako unamulikwa na mianga mitatu au minne ya rangi mbalimbali, umbali wake ni mmoja na wa fataki, na sehemu kubwa ya picha ni anga. Kila sharti limevunjika. Kitelezi kinapokosa ukungu wa aina kinayoijua, kinachobaki mikononi mwake ni kuongeza tofauti ya giza na mwanga katika kila eneo dogo na kukoleza rangi, na hayo mawili yakitiwa katika anga la usiku hutoa hasa ulichokiona: chengachenga zinazopandishwa juu, mabaka, na kivuli kandokando ya kila mchirizi. Sisemi kisitumike. Kati ya +10 na +25, tena kwa kukipaka kwa brashi pale moshi ulipo tu, kinasaidia. Kukitumia kwa picha nzima hadi mwisho ndiko kulikoiharibu.

Anza na faili ghafi, na JPEG uiweke kando. JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, na moshi kwa kawaida umebanwa katika ngazi thelathini au arobaini za chini; ukizivuta ngazi chache kiasi hicho, anga hupasuka likawa mistari ya ngazi-ngazi. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ifungue, usitie ukali wowote wa kingo kwa sasa, punguza chengachenga kwa kiasi hapahapa mwanzoni, kwa maana kila hatua inayofuata itazikuza, kisha shusha mianga mikali hadi kiini cha michirizi kionyeshe rangi badala ya weupe mtupu. Ukimaliza, ihamishie kwenye programu ya matabaka, kama Photoshop au GIMP, ikiwa na biti 16. Msomaji aliye na JPEG peke yake naye aigeuze kuwa ya biti 16 kabla ya kuanza. Ngazi zilizopotea hazitarudi, lakini angalau hesabu zinazofuata hazitapoteza nyingine.

Picha ambayo moshi wake ni hafifu haihitaji zaidi ya mkunjo wa toni (Curves), yaani mstari unaobadilisha kila kiwango cha mwanga kuwa kingine. Pitisha kielekezi juu ya moshi usome namba zake za mwanga, kuanzia 0 ya giza hadi 255 ya weupe, kisha usome za anga safi na za michirizi. Tuseme anga lina 14, moshi una kati ya 35 na 50, na michirizi inaanzia 120. Weka nukta mbili: moja inayoishusha 50 hadi 22, na nyingine inayoishikilia 120 palepale ilipo. Moshi utazama ukaribie anga, na michirizi haitaguswa. Wengi huvuta kitelezi cha weusi badala yake, na kosa lake ni kwamba huangusha kila kitu pamoja hadi anga linakuwa jeusi kama lami na mipaka ya majengo inapotea. Anga la usiku halina sifuri, na picha yenye anga la sifuri macho huikataa hata kama mtazamaji hawezi kusema kwa nini.

Picha zako za katikati ya onyesho, kama ulivyozieleza, zimepita kiwango hicho. Hapo moshi una 80 au 90, na mikia ya michirizi inapofifia hupita kwenye namba hizohizo, kwa hiyo mkunjo wowote utakaouzamisha moshi utaikata na mikia. Njia inayobaki ni kuutafuta moshi wenyewe, kuuchorea picha yake, na kuutoa katika picha yako kama mtu anavyotoa namba moja katika nyingine.

Picha ya moshi hupatikana hivi. Nakili tabaka lako, kisha katika nakala hiyo tumia kichujio kiitwacho Median, ambacho kimo katika Photoshop na pia katika GIMP. Kichujio hiki hukusanya pikseli zote zilizo ndani ya duara ulilolitaja, huzipanga kuanzia yenye giza zaidi hadi yenye mwanga zaidi, na kuchukua iliyosimama katikati ya foleni. Ikiwa duara limejaa moshi zaidi na michirizi inachukua chini ya nusu yake, pikseli ya katikati ya foleni itakuwa ya moshi, na mchirizi utatoweka kana kwamba haukuwapo. Kwa hiyo ukubwa wa duara ni suala la kupima: pima upana wa mchirizi mnene kuliko yote, na kama ni pikseli 10, anza na duara la nusu-kipenyo cha 40, kisha uongeze hadi michirizi ifutike kabisa. Katika GIMP kuna nafasi ya ziada ya kuchagua asilimia, ili badala ya pikseli ya katikati ichukuliwe iliyo kwenye asilimia 30 au 35 ya foleni. Hilo husaidia sana pale michirizi ilipokaribiana. Baada ya hapo ififishe kidogo kwa kichujio cha Blur ili kingo zilizoachwa na kichujio zilainike. Utakachokiona mbele yako ni picha ya ajabu kidogo: onyesho lenye moshi wote na rangi zake zote, nyekundu hapa, machungwa kule chini, bila fataki hata moja.

Sasa badilisha namna tabaka hilo linavyochanganyika na la chini yake, uchague Subtract, yaani toa. Kwa kuwa hesabu hufanyika kwa kila rangi peke yake, moshi mwekundu utatolewa katika nyekundu, wa machungwa utatolewa kwa kiasi chake, na ule utando wa rangi uliochafua anga utaondoka pamoja na mwanga bila wewe kugusa kitelezi chochote cha rangi.

Hapa pana mtego unaowakatisha tamaa wengi, na unastahili kuangaliwa kwa namba. Tuseme moshi una 80 na mchirizi unaopita mbele yake una 220. Ukitoa 80 katika 220 unabaki na 140, na mchirizi uliokuwa unang'aa umekuwa wa kijivu. Mtu husema njia haifai, ilhali kosa ni la namba zenyewe: namba za picha ya kawaida hazilingani na kiasi cha mwanga, zimepindwa ili zilifae jicho. Katika mwanga halisi 80 ni takriban asilimia 8 tu ya mwanga wote, na 220 ni takriban asilimia 72. Toa 8 katika 72, unabaki na 64, na asilimia 64 ya mwanga ikirudishwa katika namba za picha ni karibu 209. Moshi umekwisha, na mchirizi umeshuka kutoka 220 hadi 209, tofauti ambayo hakuna atakayeiona. GIMP, tangu toleo la 2.10, inaweza kufanya hesabu katika mwanga halisi ukiiagiza hivyo katika mpangilio wa usahihi wa picha. Katika Photoshop ya kawaida, yenye biti 8 au 16, hesabu hufanywa kwenye namba zilizopindwa. Hapo ishushe nguvu ya tabaka hadi asilimia 50, moshi wa 80 utakuwa 40 na mchirizi wa 220 utakuwa 180, kisha juu yake weka mkunjo wa toni unaoirudisha 180 hadi 220 na kuiacha 40 chini. Si hesabu safi, lakini inafika karibu.

Hata ukiwa katika mwanga halisi sikushauri utoe moshi wote. Mimi huacha tabaka katika asilimia 70 hadi 85. Moshi kidogo uliobaki hulipatia ua la fataki kina na kuonyesha mwanga wake ulivyoenea angani, na pia huficha makosa madogo ya kichujio. Ukitoa asilimia 100, kila mahali ambapo makadirio yalizidi moshi wa kweli huanguka kwenye sifuri na kuwa shimo.

Sehemu mbili zitaharibika na ni lazima uzilinde kwa barakoa, ile ya kuficha sehemu ya tabaka. Ya kwanza ni kiini cha mlipuko, mahali ambapo michirizi yote inaanzia na kugusana. Hapo hakuna pengo kati ya mchirizi na mchirizi, duara la kichujio hujaa mwanga mtupu, nacho hudhani kiini chote ni moshi na kukitoa. Matokeo yake ni ua lenye tundu jeusi katikati. Paka barakoa kwa brashi laini juu ya kiini, pana kidogo kuliko unavyodhani inahitajika, na tundu litazibika. Ya pili ni nchi kavu: majengo yaliyomulikwa, maji yanayoakisi, umati wa watu. Kichujio hakijui kwamba ukuta mpana wenye mwanga si moshi. Ficha kila kilicho chini ya mstari wa upeo, ila uufuate moshi unaopita mbele ya majengo kwa mkono, kwa nguvu ndogo.

Unalo pia jambo ambalo wengi wanaouliza swali hili hawana: picha za mwanzo zilizo safi, zilizopigwa kutoka tripodi ileile. Kama kamera haikusogezwa, zitumie. Weka picha safi chini na ile yenye moshi, ambayo umekwisha kuipunguza kwa njia niliyoieleza, juu yake, kisha uchague mchanganyiko wa Lighten. Mchanganyiko huu hulinganisha matabaka mawili pikseli kwa pikseli na kuacha yenye mwanga zaidi. Wengi hujaribu hivyo moja kwa moja wakashangaa moshi ukiwa palepale, na haishangazi, kwa sababu moshi una mwanga kuliko anga safi na hivyo ndio unaoshinda. Siri ni kuushusha kwanza chini ya anga. Anga safi likiwa na 14, shusha tabaka la juu kwa mkunjo hadi mabaki ya moshi yawe na 10 au 12. Papo hapo anga safi litashinda kila mahali isipokuwa kwenye michirizi, na hutahitaji kuchora barakoa hata moja. Uzuri wake ni kwamba mabaka na chengachenga zote za tabaka la juu huzama pamoja na moshi, na anga unaloliona ni anga la kweli la usiku ule. Hasara yake ni ncha za mikia, ambazo mwanga wake ulikuwa sawa na wa moshi. Hizo zitapotea, na michirizi itaonekana mifupi kidogo. Angalia pia wakati: kama onyesho lilianza jua likiwa limetua muda mfupi tu, anga la picha ya mwanzo litakuwa na ubuluu ambao la katikati halina, na kuyaunganisha mawili hayo kutaonekana.

Kuhusu rangi sina mengi, kwa kuwa kutoa moshi kwa njia ya Median kumekwisha kufanya kazi kubwa. Kinachobaki mara nyingi ni tope la machungwa karibu na upeo. Lipunguzie ukolevu kwa brashi, usilitie giza. Moshi wa kijivu usiku hupita bila kuonekana, ilhali wa machungwa huvuta jicho hata ukiwa hafifu. Usiwahi kupunguza machungwa ya picha nzima, maana fataki za dhahabu zitageuka rangi ya majivu.

Mwisho wa kuhariri rudisha umbile la anga. Anga lililolainishwa na vichujio huwa nyororo mno, na likihifadhiwa kama JPEG huonyesha pete za ngazi-ngazi kuuzunguka mlipuko. Chembechembe laini zilizotiwa juu ya anga zima, kiasi ambacho kwa ukubwa wa kawaida huzioni, huzivunja pete hizo. Inachekesha kwamba mtu hutoa chengachenga mwanzoni na kuzirudisha mwishoni, lakini zile za kwanza zilikuwa na mabaka ya rangi, na hizi ni za usawa. Kisha itazame picha kwenye skrini yenye mwanga wa juu kabisa kabla ya kumpa mtu. Niliwahi kukabidhi kazi niliyoihariri usiku kwenye skrini niliyokuwa nimeipunguza mwanga. Kwangu anga lilikuwa safi, na kwenye simu ya mwenye kazi kila alama ya brashi ilionekana kama madoa ya maji kwenye nguo.

Kuna picha ambazo njia hizi zote hazitaziokoa, na ni vyema uzitambue mapema usije ukapoteza siku nzima. Moshi ulio nyuma ya mchirizi huongeza mwanga, na kilichoongezwa kinaweza kutolewa. Moshi ulio mbele ya mchirizi huuzuia mwanga wake usikufikie, na mwanga ambao haukufika kwenye kamera hakuna kitelezi kitakachouleta. Vivyo hivyo pale moshi wenyewe ulipofika 255, jambo la kawaida katika mlipuko wa kumalizia ambapo makombora mengi hupasuka pamoja ndani ya wingu la yaliyotangulia. Kwa picha za namna hiyo nina njia moja tu ninayoipenda, nayo ni kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe kwa kutumia rangi moja badala ya zote tatu. Moshi uliomulikwa na taa za machungwa hauna buluu nyingi. Fungua rangi ya buluu peke yake na mara nyingi utakuta moshi huo umefifia sana huku michirizi myeupe, ya buluu na ya zambarau ikisimama wazi. Michirizi myekundu nayo itafifia, kwa hiyo tazama kwanza picha ina rangi gani. Zana mpya zinazobuni anga jipya kwa kompyuta sizihesabu hapa, kwa sababu hubuni na michirizi pia, na ukiikuza picha utakuta cheche zisizotoka popote.

Kama picha inakwenda gazetini au kwenye shindano, soma masharti yao kabla ya kuunganisha anga la picha moja na fataki za nyingine. Kupunguza toni kwa kawaida huruhusiwa. Kuunganisha picha mbili ni jambo jingine.

Umeuliza kuhusu kuhariri, lakini jambo moja la wakati wa kupiga litakupunguzia kazi hii yote kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo nitaliongeza. Mwanga wa mchirizi katika picha hauongezeki kwa kuiacha shata wazi muda mrefu, kwa sababu cheche hupita juu ya kila pikseli kwa sehemu ndogo tu ya sekunde kisha ikaondoka. Ukali wake huamuliwa na tundu la lenzi na ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga. Moshi hausogei haraka, hivyo pikseli yake huendelea kukusanya mwanga muda wote shata iko wazi. Ukipiga kwa sekunde 8 badala ya 2, na mwanga unaoumulika moshi ukiwa uleule, utapata moshi wenye mwanga mara 4 na michirizi yenye mwanga uleule, ila mingi zaidi. Kwa hiyo bakia kwenye ISO 100 na tundu la f/8 hadi f/11, anza na sekunde 6 au 8 wakati anga ni safi, kisha fupisha hadi sekunde 2 kadiri moshi unavyojaa, na ukitaka maua mengi katika picha moja, unganisha picha fupi kadhaa baadaye kwa Lighten. Simama upande ambao upepo unatokea, au uwe ubavuni mwake, ili moshi usije kukaa kati yako na fataki.

Kwa picha ulizo nazo, chagua kwanza moja yenye ua moja tu lililojitenga, moshi ukiwa nyuma yake na kiini kisicho kikubwa, ujaribie Median na Subtract hapo. Ikikukalia vizuri, hifadhi ukubwa wa duara na nguvu ya tabaka ulivyovitumia, kwa kuwa picha nyingine zilizopigwa kwa lenzi ileile na umbali uleule zitahitaji namba zinazokaribiana sana na hizo.